Kiwanda Juu ya Meza ya Kulia

4 Februari

Baba mpenzi,

Na kuhusu yale masikio niliyokuwa nakusimulia kwenye simu, ukaniambia "haya" ukakata, kosa ni langu mwenyewe. Mume wangu hana lawama hata chembe. Lakini ngoja, nimekurupuka bila adabu. Shikamoo, Baba. Mgongo unasemaje? Mama hajambo, na bado anakupigia kelele ukiinua ndoo? Mimi mzima, mume wangu mzima, hata paka wa jirani anayeshinda dirishani kwetu mzima. Nimeolewa na bado siamini. Asubuhi naamka namkuta mtu yule yule kalala pale pale, nafurahi kama nimemwokota.

Sasa masikio. Tangu mwezi uliopita meza yetu ya kulia si meza tena, ni kiwanda. Ni kile kiwanda cha mafuta ya alizeti ulichofanyia kazi wewe kabla hatujahama. Chote kimekaa juu ya ubao uliofunika meza nzima, na kila mita ya kule ni sentimita mbili na nusu za huku. Pale kilipokuwa wamejenga shule, itafunguliwa mwisho wa Aprili. Wafanyakazi wa zamani wameomba watoto watakaosoma pale wajue walisimama wapi watu wengine kabla yao, na mwalimu mkuu amekubali kuweka mfano wa kiwanda ukumbini, ndani ya kabati la kioo. Wazee wakamwendea mume wangu, kwa sababu mtaa mzima huu ni yeye peke yake mwenye mikono ya kufunga skrubu isiyoonekana kwa macho. Ndiyo raha ya kuolewa na fundi saa, Baba. Hata akinishika mkono ananishika kama kitu chenye vipuri.

Yeye anatengeneza mitambo. Boila imetoka kwenye kopo la maziwa, mabomba ni mirija ya kalamu, na mikanda ya kuzungushia mashine ameikata kwenye utepe wa kaseti kuukuu. Mimi kazi yangu ni watu. Waya ndani, karatasi iliyolowekwa kwenye gundi nje, rangi mwisho. Kila mtu ni mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Nilijifungia chumbani nikawatengeneza wafanyakazi wote wa zamu ya asubuhi, nikawapanga kwenye sinia, nikamletea mume wangu kama ninayemletea chai.

Akawatazama. Akachukua rula. Akamsimamisha mmoja kwenye mlango wa chumba cha boila, kichwa kikagonga juu. Akamchukua wa pili, wa tatu, wote wakagonga. Halafu akabana kile kioo chake cha kukuzia jichoni, akawainamia mmoja mmoja. Baadaye akasema, "Mke wangu, umenijaza kiwanda kizima."

Na kweli, Baba. Nilipotaka kujua mtu ana urefu gani nilimpima yeye, na unamjua alivyo, mlango wetu tu anaingilia kwa heshima. Mabega yake, shingo yake, na yale masikio yaliyosimama kama yanasubiri habari. Wote. Hata wanawake wa kuchekecha mbegu nimewapa masikio ya mume wangu. Tulicheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni kikaingia kwenye gundi.

Nimeanza upya, na sasa nataka ukweli. Michoro ya kiwanda haipo popote na picha zilizobaki ni za watu wamejipanga nje ukutani. Mume wangu ameweza kujenga majengo, ila hajui injini ilikaaje wala mikanda ilipitaje. Wewe ndiye ulikuwa fundi wa injini ile. Tuandikie, Baba. Kwenye simu wewe ni mtu wa neno moja, lakini kwenye karatasi nakujua.

Binti yako mwenye furaha isiyo na breki

---

13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo nikikaa. Nikisimama una maneno. Mama yako ameisoma barua yako mara mbili na anasema hajawahi kuona "mume wangu" nyingi namna hiyo kwenye karatasi moja, ila alisema hivyo huku anatabasamu. Mpe mkwe wangu salamu na pole kwa kutumika kama rula.

Nimechora ramani nyuma ya kalenda, imo ndani ya bahasha. Injini ilikaa ukutani upande wa dirisha. Gurudumu lake kubwa lilipita urefu wa mtu. Shafti kuu ilikwenda juu, chini ya dari, kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mashine ilichukua nguvu yake pale kwa mkanda. Mikanda yote ilikwenda sawa isipokuwa wa rola za kusagia mbegu. Huo ulipishana katikati kama namba nane ili rola zizunguke kinyume. Mwambie asiusahau, maana bila hivyo alizeti zinarudi mdomoni badala ya kusagika.

Injini ilikuwa ya kijani, si kijani cha majani, ni kile cha chupa. Gurudumu jekundu. Chini ya kikombe cha mafuta cha pili palikuwa na kabari ndogo ya mti, kwa sababu kikombe kilikuwa kinatikisika na vipuri havikuletwa. Kama ana macho hayo unayoyasifia, na aiweke.

Sasa sikiliza vizuri. Haya nimekuandikia wewe na mumeo tu. Usiwaambie wale wazee kwamba wewe ni mtoto wa nani, na usiseme ramani imetoka wapi. Wakikuuliza, sema umeota. Na pale mbele ya injini msiweke mtu. Acheni wazi.

Baba yako

---

22 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, kwa faida ya mgongo. Mama mpe busu, mwambie nimejizuia, mume wangu nitamtaja pale tu panapolazimu.

Mume wangu (hapa palilazimu) aliitandaza kalenda yako sakafuni akalala kifudifudi mbele yake kama mtoto mwenye kitabu cha picha. Kila baada ya muda anasema, "Baba mkwe huyu." Halafu anaguna. Halafu tena, "Baba mkwe huyu." Mkanda uliopishana ameuweka, na ukizungusha gurudumu kwa kidole rola zinakwenda kinyume kweli, nimeshuhudia. Kabari ameichonga kwenye kijiti cha kiberiti, ni ndogo kama punje ya mchele iliyokatika, akaipachika kwa sindano huku amebana pumzi. Nilimwambia hakuna atakayeiona. Akasema yeye ataijua. Nilitaka kuolewa naye mara ya pili.

Tunakula chini kwenye mkeka siku hizi, magoti yanagusana, na juu yetu kiwanda kizima kimetulia. Sina haraka ya kurudishiwa meza.

Kila Jumamosi wazee wanakuja kukagua. Raha yake, Baba, sijui niielezeje. Yupo mchoma kuni wenu, wanamwita Boila mpaka leo. Aliniomba nipunguze tumbo lake, nikamwambia nimeambiwa nifuate ukweli, akasema ukweli wa wakati ule ulikuwa mwembamba. Yupo mama wa kuchekecha mbegu, Mama Chekeche, aliyetaka kitambaa cha kichwa cha manjano. Nilipompaka cha njano ya ndizi akaniambia alikuwa kijana, si mzigo wa ndizi, nikapaka upya. Na yupo aliyekuwa akipaka mashine mafuta, wanamwita Grisi, mrefu mkimya, ambaye haombi chochote. Anazunguka meza mikono nyuma, anatazama, anaondoka.

Wote wanakuta nafasi zao. Wanajitafuta wenyewe, wakijiona wanacheka. Halafu macho yanakwenda pale mbele ya gurudumu, pasipo na mtu, yanaondoka haraka. Hakuna anayeuliza. Nami nasimama pale na birika la chai nikiwa mtoto wa mtu asiyetajwa.

Basi nikuambie. Nimekwisha kukutengeneza. Nilitumia picha ya harusi yetu, nikakupunguzia mvi, nikakuvalisha ovaroli. Una spana mkononi. Umetoka wewe hasa, hata namna unavyoinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. Umelala ndani ya kiberiti kitupu, juu ya pamba, kwenye droo ya cherehani. Sijakuweka popote. Lakini Baba, kiwanda cha mvuke bila mtu wa injini ni kama nini? Naomba unikubalie. Na kama hunikubalii, naomba uniambie ni kwa nini hujawahi kukanyaga mji huu tangu tuhame, hata kuja kuona nyumba yangu. Harusi tuliifanyia kwenu nikadhani ni mgongo.

Usinijibu hapana kwa haraka.

Binti yako

---

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimempigia Mama, anasema mgongo wako mzima, kula unakula, ila kalamu umeiweka juu ya kabati. Basi naandika mimi, maana yaliyotokea hayawezi kusubiri kalamu ishuke.

Jumamosi ile iliyofuata barua yangu, Grisi alimwomba mume wangu amwazime kile kioo cha jichoni. Akainama juu ya injini. Alikaa pale muda mrefu mpaka Boila akamtania kwamba amesinzia kwa jicho moja. Aliponyanyuka alikuwa amebadilika uso. Akauliza nani ametuambia habari ya kabari.

Nilianza kusema nimeota. Nakuapia nilianza, ulimi ukakataa. Akasema kabari ile waliiweka watu wawili, mmoja ni yeye. Akanitazama kichwa mpaka miguu, kama anayenipima kwa rula ya mume wangu. Nikamwambia: mimi ni mtoto wa yule wa pili. Akakiweka kioo mezani taratibu sana, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Chai ikabaki kwenye vikombe.

Nililia, Baba. Niliona nimekuumbua wewe, nimemharibia mume wangu kazi yake, na shule itafunguliwa bila kitu. Mume wangu hakunilaumu hata kwa jicho. Alimwaga chai, akaosha vikombe, akakaa akaendelea kupaka rangi dohani. Aliniambia wakirudi watakuta imekauka.

Wiki mbili hakuja mtu. Jumamosi hii wakaja wote kwa pamoja, wamevaa kama wanakwenda msibani. Grisi ndiye aliyesema. Alisema wamezungumza, na mahali pale hapawezi kubaki wazi, kwa sababu kama hakuna mtu wa injini basi vijitu vyangu vyote vinavunja sheria kwa kushika mashine. Akaanza kutueleza jambo ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwako.

Alisema kila asubuhi, kabla ya kufungua mvuke, ulikuwa unagonga bomba kwa spana na kuita hodi. Kila mtu alipaswa kuondoa mikono kwenye mashine yake na kuitika karibu. Walianza wa kuchekecha, wakafuata wa rola, wa jungu la kupikia, wa mashinikizo, mpaka wa mapipa kule mwisho. Ulizijua sauti zote. Ikikosekana moja, ulingoja, hata kama msimamizi anapiga kelele. Ndiyo maana kiwanda kile hakikumkata mtu kidole. Mama Chekeche alinyoosha mikono yake akanionyesha vidole vyote, kama ushahidi.

Nikafungua droo, nikawaonyesha kiberiti. Kilipita mkono kwa mkono. Boila akasema umependelewa, wewe umepewa tumbo dogo. Wakacheka kidogo. Ila Grisi hakucheka. Alisema, "Maisha yake yote pale hakuwahi kuanza kabla hatujaitika. Alianza mara moja tu, na ndiyo ilikuwa siku ya mwisho." Sikuelewa. Nilipomuuliza alisema nimuulize baba yangu.

Nakuuliza, Baba.

Binti yako

---

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako ameweka kiti mlangoni mwa chumba ninachoandikia, na amesema haondoki mpaka aone bahasha imefungwa. Kwa hiyo usidhani naandika kwa hiari.

Habari ya hodi ni kweli. Sikuianzisha mimi, niliikuta kwa fundi aliyenitangulia. Sikukusimulia kwa sababu ulikuwa mdogo, na ulipokua sikutaka tena kuitaja.

Kiwanda kilipofungwa, wenzangu walikaa getini kila siku. Walisema maadamu mitambo imesimama, ipo siku itawashwa. Nilikaa nao, nilisema vivyo hivyo. Kisha akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na watu wake, na nyundo kubwa za kuvunjia. Wenye kiwanda wakaniita ndani. Wakaniambia nifungue mitambo kwa spana, iende nzima kwa mtu atakayeitumia, au niwaachie wale wa nyundo. Hakukuwa na jibu la tatu. Injini ile nilikuwa nimeipangusa kila siku, mwanangu. Kama lazima iondoke, sikutaka iondoke vipande vipande.

Asubuhi ile niliingia nikasimama mahali pangu. Boila ilikuwa baridi, mvuke haukuwepo, hapakuwa na sababu ya kuita mtu. Lakini mkono ulikwenda wenyewe. Nikagonga bomba, nikaita hodi. Madirisha yalikuwa wazi, na najua getini walinisikia, kwa sababu nilisikia mazungumzo yao yakikatika. Nikangoja. Nikaita tena. Wale wa nyundo wakawa wananicheka, wakiuliza nabisha hodi kwa nani.

Hakuitika hata mmoja. Zile sauti zote nilizozijua, hata moja. Ukibisha hodi kwa watu, nao wamo, wakanyamaza, huhitaji kuambiwa zaidi. Nikafungua bolti ya kwanza.

Jioni nilipita katikati yao hakuna aliyeniangalia. Tukahama. Sasa unajua kwa nini sijaja kwako, na si mgongo.

Wamekuwa wema kwako, na nimefurahi. Hiyo sanamu irudishe kwenye kiberiti. Watu hao walikwisha kunijibu.

Baba yako

---

2 Aprili

Baba mpenzi, mpenzi sana,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine tena ya akiba. Kaa chini kwanza. Mama naye akae. Kama amesimama mlangoni mwambie aje asome pamoja na wewe, maana nikisubiri umsimulie hutamsimulia.

Barua yako niliisoma nikiwa jikoni, nikafunga jiko, nikajitanda kitambaa, nikatoka nayo. Mume wangu aliniuliza naenda wapi, nikasema kwa Grisi. Hakuniuliza tena. Alifunga kibanda chake cha saa mchana kweupe, mwenye saa yake akiwa amesimama pale anaingoja, akanifuata.

Nilikuwa sijapewa ruhusa na sikuwa nimekuomba ruhusa, Baba, lakini nilikaa uani kwa Grisi nikamsomea ukurasa ule. Nilipofika kwenye nyundo akaniuliza nyundo zipi. Hawakujua. Waliona lori likiingia, wakamwona mnunuzi, ila nyundo zilikuwa zimekwisha kuingizwa ndani. Nikaendelea. Nilipofika pale ulipoita hodi akainua mkono, akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu alikuwa anatikisa kichwa kabla sijamaliza.

Akasema, "Tulikubaliana tunyamaze. Asipoitikiwa haanzi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Tulinyamaza ili asianze."

Umeelewa, Baba? Mimi ilinichukua muda, mume wangu akaelewa kabla yangu, nikaona anafunika uso kwa mikono. Hawakukukataa. Walikuwa wamesimama getini wote, wameziba midomo, mama wa watu Mama Chekeche amejifunga kitambaa chake mdomoni asije akaitika kwa mazoea. Walikuwa wanakuzuia kwa njia pekee waliyoijua, ile uliyowafundisha mwenyewe. Na walipokusikia unafungua bolti, wao wakasema: ameanza bila sisi. Hajawahi kufanya hivyo. Basi hatutaki tena. Wakakununia kwa sababu hiyo, na wewe ukahama kwa sababu hiyo hiyo. Miaka yote hii kila mmoja kakaa upande wake wa dirisha lile.

Grisi alicheka, Baba. Sikujua kwamba anajua kucheka. Alicheka akafuta macho, akacheka tena, halafu hakuwa anacheka. Mume wangu alimshika bega mpaka akatulia. Kisha Grisi akavaa viatu akaenda kuwaita wenzake mwenyewe, na jioni nyumba yangu ilijaa watu hakuna pa kukanyaga. Nilisoma tena ukurasa wako nimesimama kwenye kigoda. Boila alisema kwa maana hiyo wamemnunia mtu kwa kosa lao wenyewe la kumtii. Mama Chekeche akasema tatizo ni kwamba dirisha lile lilizungukwa na wanaume, angekuwepo mwanamke mmoja wa kusikilizwa angeingia ndani akauliza tu, yakaisha. Hakuna aliyembishia.

Walipoiona injini ikipakiwa nzima kwenye lori, na kila nati imefungwa mahali pake isipotee, Grisi anasema hawakuelewa. Walidhani msaliti huvunja. Alisema lile swali limemkaa moyoni tangu siku ile, kwamba aliyetuuza mbona ameifunga vizuri namna ile.

Nina raha, Baba, mpaka naogopa kukaa kitako nisije nikaimwaga. Mume wangu amekaa pembeni yangu hapa anabandika mapipa na ananiambia niandike polepole, mwandiko umeanza kukimbia. Unajua nilivyokuwa nawaza? Kwamba nimepata nyumba yangu na furaha yangu mahali ambapo wewe huwezi kuja. Kila nilipopanga kitu vizuri, nilipanga kama mtu anayejua mgeni wake hafiki. Hilo limeondoka kifuani kwangu. Nilikuwa sijui lina uzito gani.

Kiwanda kimebaki kidogo sana. Dohani imekauka. Nimebandika watu wote kila mmoja mahali pake, na mikono wameinua kidogo kutoka kwenye mashine, kwa sababu wazee wenyewe wamechagua ionyeshwe saa ile, kabla mvuke haujafunguliwa. Nimevunja viwiko vya vijitu vyangu vyote nikavikunja upya, na sijalalamika. Imebaki nafasi yako tu.

Grisi ametaka nikuandikie maneno yake kama yalivyo. Haya hapa: "Mwambie aje agonge. Safari hii tutaitika."

Binti yako

---

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na zile za akiba pia nimezipokea.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikatoka nje nikazunguka nyumba. Mama yako alinifuata akidhani naumwa. Nikamsomea. Tangu siku hiyo anapanga nguo, na sasa hivi namsikia chumbani anakung'uta begi ambalo halijashuka kutoka juu ya kabati tangu tuhamie hapa.

Nilizijua sauti zao zote, na sikujua kunyamaza kwao. Nimelala vizuri siku hizi mbili kama mtu aliyetuliwa gunia la mbegu, na asubuhi mama yako ananiuliza naimba nini. Siimbi, ni pumzi tu imepata njia.

Mwambie Grisi kwamba ile kabari ilikuwa wazo lake, mimi nilishika taa tu, asije akaniachia sifa zote. Mwambie Boila tumbo lake halikuwahi kuwa jembamba. Mama Chekeche mwambie amesema kweli.

Mkwe wangu mwambie nahitaji kuuona ule mkanda uliopishana kwa macho yangu kabla hawajafunga kioo, na kama gurudumu linazunguka kwa kidole basi nina kidole. Najua mnakula chini. Msituwekee viti, tutakula nanyi chini, na mgongo utanyamaza ukiambiwa.

Ile sanamu msiibandike. Iacheni mpaka nifike niisimamishe mwenyewe mahali pake, watu wote wakiwepo. Tunakuja, mimi na mama yako, kabla mwezi huu haujaisha.

Baba yako